Pikapu Iliyoshika Sabato

Mtu wa kwanza kusema kwamba pikapu yangu imeshika Sabato alikuwa mzee wa kanisa, na alisema akiwa ameshika kiuno baada ya kutusaidia kuisukuma. Tulikuwa mbele ya lango la kanisa letu huko Nyamira. Waumini walikuwa wanavuka barabara, Biblia wamezificha ndani ya makoti kwa sababu ya manyunyu, nami nilikuwa nimesimama kuwapisha. Injini ikajizima yenyewe, kama ilivyozoea kila niliposimama. Lakini nilipoachilia breki haikuwaka. Taa ya rangi ya chungwa ikatokea kwenye dashibodi, na magari ya nyuma yakaanza kupiga honi.

"Wiki nzima imefanya kazi," mzee akasema, "leo imepumzika. Ina imani kuliko wengine wetu."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Baada ya ibada nikaiwasha nikiwa tayari kuomba msaada tena, ikawaka mara moja, na ile taa ikazimika kabla hatujafika nyumbani.

Mimi nauza dawa na vyakula vya mifugo. Duka langu liko Kisii mjini, upande wa Daraja Mbili, na wakulima huniita daktari ingawa cheti nilichonacho si cha udaktari. Kwa kazi hiyo huwezi kukaa bila gari la mizigo. Pikapu yangu ya zamani ilipochoka kabisa nilinunua hii, iliyokuwa imetumika ng'ambo, yenye milango minne na viti vya nyuma. Aliyeniuzia alinieleza kwamba ni haibridi, ila haibridi ya nusu. Haichomekwi kwenye umeme, wala haiwezi kwenda kwa umeme peke yake. Injini ni ya dizeli kama ya pikapu nyingine yoyote, lakini imefungiwa mota ndogo kwa mkanda. Ukikanyaga breki, ile mota inavuna umeme na kuuweka kwenye betri ya pili iliyofichwa chini ya kiti cha nyuma. Ukipanda mlima, umeme huohuo unarudi kuisaidia injini. Na injini ikijizima kwenye foleni ili isichome dizeli bure, ni mota hiyo inayoiamsha tena.

Niliipenda. Ilikuwa kimya, na ilipanda vilima vyetu kama mtu aliyesukumwa mgongoni na mkono wa rafiki.

Jumamosi iliyofuata ikazima tena, safari hii kwenye njia panda kabla ya kanisa. Jumamosi nyingine ikawa hivyohivyo. Siku za kazi niliipakia magunia ya chakula cha ng'ombe nikaipeleka Nyakoe, nikaipandisha kwenye mashamba ya chai ikiwa imeinama nyuma kwa uzito, na haikulalamika hata mara moja. Sabato, ikiwa haina mzigo wowote, ikitembea polepole na watu waliovaa nguo nzuri, ndipo ilipogoma.

Mkulima akija dukani kuniambia ng'ombe wake ni mgonjwa, simkimbilii na dawa. Namwuliza ilianza lini, ng'ombe alikula nini, alilala wapi, na ni nini kilichobadilika nyumbani. Mara nyingi jibu liko hapo. Nikaamua kuiuliza pikapu maswali hayohayo.

Kwanza nikaipeleka kwa fundi wa umeme wa magari, mwanamke kijana mwenye karakana mjini. Alichomeka mashine yake chini ya usukani, akasoma kwa muda, akakunja uso.

"Betri ya nyuma ilipata joto kupita kiasi," akaniambia. "Ikipata joto hivyo inajitoa kazini ili isiungue. Na ikijitoa, mota haina nguvu ya kuiwasha injini."

"Joto? Jumamosi kulikuwa na ukungu. Mimi mwenyewe nilivaa sweta."

"Hilo linanishangaza hata mimi." Alifungua mlango wa nyuma, akamulika pembeni mwa kiti kwa tochi, akanyamaza kusikiliza. "Betri ina feni yake ya kuipoza. Naisikia inazunguka. Mashine inaniambia kilichotokea, daktari. Haiambii ni kwa nini."

Akafuta lile kosa kwenye kompyuta ya gari na kuniomba nirudi likitokea tena.

Nikaanza kuchunguza mwenyewe. Dhana yangu ya kwanza ilikuwa maji. Kila Ijumaa mchana, kabla jua halijatua, niliipeleka pikapu kuoshwa, kwa sababu mke wangu hakupenda twende kanisani na matope ya wiki nzima. Nikafikiri huenda maji ya mpira yanapenya mahali. Ijumaa moja sikuiosha. Tulifika kanisani tukiwa kwenye gari lililopakwa matope mpaka madirishani, mke wangu akiwa amekaza macho mbele bila kusema neno, na bado ikazima pale langoni.

Dhana ya pili ilikuwa njia. Tunakaa Mosocho, na kila Sabato tunapitia Nyamira vijijini kumchukua mama mkwe wangu, kisha ndipo tunaelekea kanisani. Kwake kuna mlima mrefu wenye kona nyingi. Jumatano moja nikaenda mlima huohuo nikiwa na mzigo, nikaupanda na kuushuka, nikasimama kila njia panda kusudi ijizime. Ilijizima na kuwaka bila shida yoyote. Mkulima mmoja aliyekuwa anachuma chai alisimama kunitazama nikipita, nikirudi, nikipita tena. Sijui aliwaza nini.

Dhana ya tatu ilikuja yenyewe, na sikuipenda.

Lazima nieleze kuhusu mama mkwe. Ni mjane anayeishi peke yake kwenye shamba lake la chai, na wanawe wa kiume wanafanya kazi mbali. Goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kumsumbua, hivyo hakuweza tena kutembea hadi kanisani. Nilijitolea kumchukua, na kwa kweli nilifurahi. Lakini sisi Wagusii tuna chinsoni, ile heshima yenye mipaka baina ya watu wa vizazi viwili, na kati ya mwanamume na mama wa mke wake mipaka hiyo ni mirefu. Hatupeani mkono. Hatutazamani machoni. Akiingia kwenye gari hukaa kiti cha nyuma upande wa kushoto, ambako ni rahisi kwake kunyoosha goti, nami nainua kile kioo cha ndani ili nisimwone. Tunasalimiana vizuri, kisha mazungumzo yote yanapita kwa mke wangu aliyeketi mbele.

"Mwambie baba watoto mvua iling'oa daraja la huku chini," husema.

"Amesikia, mama," mke wangu hujibu.

Nami nakuwa nimesikia.

Basi, Jumamosi moja mama mkwe alikuwa amekwenda kwa dada yake aliyekuwa na arusi ya mjukuu. Tulikwenda kanisani wawili tu. Pikapu ikajizima langoni, ikawaka. Nikaingia uwanjani nikitabasamu kama mtu aliyeshinda kesi. Mzee wa kanisa alikuwepo, na pembeni yake alisimama mwanamume mwingine ambaye simjui sana, aliyekuwa ametusaidia kusukuma mara moja au mbili.

"Leo haikuzima," mwanamume huyo akasema. Akachungulia kiti cha nyuma. "Na leo hamkuja na mama."

Alisema hivyo tu, kwa sauti ya kawaida. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Leo nimepita njia ya chini," nikamjibu haraka, ingawa haikuwa kweli.

Wakati wa mahubiri sikusikia chochote. Nimezaliwa na kukulia hapa. Nawajua wazee waliohama makwao na kwenda kujificha kwa binti zao, na nawajua wengine ambao hawakupata nafasi ya kuhama, kwa sababu ya maneno ya uchawi yaliyoanza hivihivi, kama mtu anazungumzia hali ya hewa. Mama mzee, mjane, anayeishi peke yake. Akiingia, kitu kinaharibika. Sentensi kama hiyo ikishatoka kinywani mwa mtu, humjui atakayeipokea.

Na kilichonisumbua zaidi ni kwamba yule mwanamume alikuwa ameona kitu cha kweli. Nilirudisha Jumamosi zote kichwani. Zote ambazo pikapu ilizima, mama mkwe alikuwa ndani. Siku zote nyingine hakuwemo. Ningekuwa naulizwa kuhusu ng'ombe, ningesema hapo ndipo penye jibu.

Jioni, baada ya jua kutua, mke wangu alikuwa anasonga ugali jikoni. Nikasimama mlangoni nikitafuta maneno.

"Nimegundua kitu kuhusu gari," nikamwambia. "Linazima tu mama akiwa ndani."

Mwiko ukasimama. "Unasema mama yangu anazima gari?"

"Nasema kuna kitu kinachotokea akiwa ndani. Huenda ni mlango unavyofungwa, huenda ni mkanda wa kiti, huenda ni mahali uzito unapokaa. Sijui. Lakini kuna mtu kanisani ameshaliona hilo, na ataanza kutafuta maelezo yake mwenyewe. Nataka tuyapate yetu kwanza."

Aliuelewa woga wangu bila mimi kuutaja, maana yeye ni binti wa mahali hapa kama nilivyo mimi.

"Basi muulize," akasema.

"Mimi? Nimwulize anafanya nini huko nyuma?"

Hapo akacheka, kwanza kidogo kisha sana, hadi akaacha ugali ushike chini. Alijifuta macho kwa upindo wa leso. "Jumamosi nitakaa naye nyuma," akasema. "Wewe endesha tu."

Ikafika Jumamosi. Nilikuwa peke yangu mbele kama dereva wa wakubwa, wao wawili nyuma. Tukaanza kupanda kutoka kwa mama mkwe, pikapu ikisaidiwa na ule mkono wake usioonekana, nami nimetega masikio yote mawili. Walizungumza kuhusu arusi, kuhusu chakula kilichotosha na nyama ambayo haikutosha. Kisha mke wangu akanyamaza katikati ya neno.

"Mama, hiyo shali unaiweka wapi?"

"Hapa chini."

"Kwa nini?"

"Si ni huu upepo." Mama mkwe aliteremsha sauti, lakini gari lilikuwa kimya mno. "Kuna tundu hapa miguuni, pembeni mwa kiti. Upepo unapita kwenye goti langu tangu siku ya kwanza. Goti likipata baridi, usiku silali. Kwa hiyo naliziba."

"Umekuwa ukiliziba kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi. Nakunja shali, naisukuma, naikanyaga na kisigino isitoke."

"Na hukusema?"

"Niseme nini? Gari ni la mkwe. Ananijia mpaka mlangoni kwa wema wake, halafu niseme gari lake lina baridi?"

Nilikuwa nimeshapunguza mwendo. Mikono yangu ilitaka kugeuza kioo, nikaizuia.

"Mwulize," nikamwambia mke wangu, "akishaliziba, husikia nini?"

Mama mkwe hakungoja swali lirudiwe. "Mwambie kinalia ndani kama nyuki kwenye mzinga. Kinaanza polepole, kinapanda, kinalia kwa nguvu. Halafu kinanyamaza kabisa. Mimi nilidhani kimelala."

Niliiegesha pikapu kando ya barabara, mbele ya kibanda cha kukusanyia majani ya chai ambacho siku hiyo kilikuwa kimefungwa. Nikashuka na kusimama upande wa pili ili mama mkwe ateremke kwa nafasi yake, akisaidiwa na bintiye. Ndipo nikaja na kuinama. Shali ya sufi ya buluu ilikuwa imeshindiliwa kwenye tundu lenye vyuma vyembamba kama chanio, pembeni mwa kiti. Nilipoivuta, feni ikapumua. Hakuna neno lingine. Ilivuta hewa kwa pumzi ndefu, na nilipoweka kiganja nikahisi ngozi ikinyonywa taratibu kuelekea ndani. Ule haukuwa upepo unaotoka. Ilikuwa ni hewa ya ndani ya gari inayovutwa kwenda kuipoza betri, ikipita kwenye goti la mama mkwe njiani.

Sikumwambia kwamba alikuwa ameikaba koo betri yangu kila Sabato. Nilimwambia mke wangu amwambie mama kwamba ametusaidia sana. Alimwambia. Mama mkwe akauliza ametusaidia kwa kufanya nini, na mke wangu akashindwa kujibu kwa kicheko.

Siku hiyo pikapu ilijizima langoni na kuwaka bila kusita.

Baada ya ibada nilifanya jambo ambalo si kawaida yangu. Nikaegesha pale watu wanaposimama kuagana, nikafungua mlango wa nyuma, nikamwita mzee wa kanisa na yule mwanamume mwingine. Nikawaonyesha tundu. Nikachukua kitambaa changu cha mfukoni, nikakiachia karibu, kikaruka na kunata chenyewe. Watoto wakaja, kila mmoja akataka kuweka mkono. Nikaeleza kuhusu betri na joto, na jinsi gari linavyochagua kusimama kuliko kuungua. Nilieleza kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Yule mwanamume aliweka kiganja chake pale, akakiacha kwa muda mrefu.

"Linavuta kweli," akasema.

"Ndiyo. Mtu yeyote akiliziba, hata wewe, gari litazima."

"Hata mimi," akarudia, akiitikia kwa kichwa.

Upande wa pili wa gari mama mkwe alikuwa anawasimulia wanawake wenzake habari za goti lake na upepo, akiwaonyesha kisigino alivyokikanyagisha, nao wakiguna na kumpa pole. Nilijua basi kwamba hadithi ya mama ndiyo itakayotembea vijijini jioni ile, na moyo wangu ukatulia.

Jumatatu nikarudi kwa fundi. Nilipomsimulia alikaa juu ya tairi akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema hajawahi kusikia ugonjwa wa aina hiyo. Tulikiinua kiti chote pamoja. Nyuma ya tundu kulikuwa na chujio, na chujio lilikuwa limevaa nguo: sufi ya buluu juu, na chini yake tabaka la pumba na vumbi la chakula cha kuku, maana mara kwa mara mvua ikinyesha huwa natupia magunia madogo kwenye viti vya nyuma.

"Kumbe mlikuwa wawili," fundi akasema akilikung'uta. "Mama na duka lako. Na mimi nilisikiliza feni nikaridhika, sikulifungua hili."

Ningependa kusema kwamba mambo yaliishia hapo. Pikapu ilikwenda vizuri msimu wote wa mvua ndefu, kisha siku moja ya kazi, nikiwa na mzigo juu ya Nyakoe, ile taa ya chungwa ikarudi. Tundu lilikuwa wazi, chujio safi. Nilishuka nikalikagua mara mbili nikitumaini kukuta kitu. Fundi alipima betri na kukuta baadhi ya vyumba vyake vya kutunzia umeme vimechoka kuliko vingine. Alisema ile homa ya kila wiki ilikuwa imeidhoofisha, au labda ilikuja ikiwa dhaifu tangu ng'ambo, hakuna namna ya kujua. Nikamwuliza kama tunaweza kuitoa tu, gari lirudi kuwa la dizeli la kawaida kama ile pikapu yangu ya zamani. Akatikisa kichwa. Gari hili halina alteneta nyingine ya kuzalisha umeme zaidi ya ile mota, akanieleza. Hata ile betri ndogo ya mbele inalishwa na hii ya nyuma. Ukiitoa, taa zitafifia polepole na safari itaishia barabarani. Tukatafuta nyingine kutoka kwenye pikapu iliyogongwa, akaifunga, na hadi leo inafanya kazi. Bado ninaipenda, ila sasa ninaipenda kama ng'ombe wa gredi, yule anayetoa maziwa mengi na anayetaka umjue kwa undani.

Mama mkwe alihamia kiti cha nyuma upande wa kulia, ambako hakuna tundu. Mke wangu alishona mto mdogo wa kuegemeza lile goti. Lakini upande wa kulia ni nyuma yangu mimi, na hapo lilitokea jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelitarajia. Kwa kuwa ninampa mgongo, na kwa kuwa hata nikishusha kioo simwoni vizuri, ameanza kuzungumza nami moja kwa moja. Mwanzoni ilikuwa neno moja moja. Sasa tunapanda mlima wa kwake tukiongea kuhusu bei ya majani, kuhusu ndama, na mara nyingi kuhusu gari.

"Baba watoto," aliniambia Jumamosi iliyopita, "tukiteremka hapa, ile betri inakula?"

"Inakula, mama. Kila nikikanyaga breki."

"Na ikishiba?"

Nililifikiria hilo hadi chini ya mlima. Sikuwa nimewahi kujiuliza. Nilimwambia sijui, kwamba nitamwuliza fundi, naye akasema nisisahau, kwa sababu kuna mlima mrefu zaidi kule kwa dada yake na angependa kujua kabla hatujakwenda.